Zamu ya Usiku, Mamboleo

Zamani giza lilikuja na sauti.
Simu ya mezani, ile nyeusi yenye waya wa kujisokota,
ililia kabla hata taa ya dharura haijawaka,
na upande wa pili alikuwa yule yule:
"Mamboleo? Ni Peres Nyangweso, Rabuor.
Stima imekwenda tena, na nina mayai mia mbili kwenye mashine."

Mukhwana huyo, buti bila soksi, ngazi begani,
lori likiifuata laini nguzo kwa nguzo
katika tope jeusi la Kano.
Akimulika juu: kikombe kimepasuka?
Au ni fundichuma tena, kajenga nyumba ya vijiti,
matambara, na kipande cha waya wetu wenyewe?
Transfoma ikiugua hubadilisha sauti, aliniambia;
tega sikio, usiguse.

Sasa laini inajiuguza.
Radi inapiga Nandi, inateremka Miwani,
na swichi iliyo juu ya nguzo inafumba jicho,
inahesabu, inafumbua,
inajaribu,
inafumba tena,
kisha inaomba njia ya Ahero,
na Ahero inaitikia kabla sijaweka kikombe chini.
Sekunde thelathini na nane.
Alama nyekundu imekuwa njano, njano imekuwa kijani,
na watu wa Rabuor wamegeuka ubavu tu,
hawajui nini kiliwapitia.

Nani atapiga simu kushukuru
kwa giza ambalo hakuliona?
Sidai. Mukhwana amestaafu na magoti yake,
ile simu nyeusi imewekwa juu ya kabati
karibu na ua la plastiki.
Mita ndizo zinazoniongelesha, kila robo saa, kwa tarakimu:
kinu cha Chiga kimeanza kusaga,
pampu ya mpunga imepumzika,
na kuna mtu Nyamasaria, simjui sura,
anayepiga pasi saa kumi alfajiri, hata Jumapili.

Usiku wa Jumanne niliona sifuri.
Mita ya Peres.
Sifuri, na jirani wa kulia anakunywa,
jirani wa kushoto anakunywa.
Nikarudi nyuma: jana sifuri, juzi sifuri.
Nikaiuliza mashine. Ikajibu: HAKUNA HITILAFU.
Na ni kweli, volti mia mbili thelathini na nane
zilikuwa zimefika kwake,
zimesimama kizingitini
kama wageni wasioambiwa karibu.

Kanuni hazisemi nipige.
Wala hazisemi nisipige.
Nilingoja kupambazuke.

"Mamboleo?" alisema, kabla sijajitaja.
"Leo giza limewapata nyinyi?"
Nilicheka. Nikaulizia mayai.
"Stima ipo, mwanangu, iko hapo mlangoni.
Tokeni ndiyo haipo. Karo ya mjukuu imemeza.
Mengi niliyauza, yameliwa na chapati huko Ahero.
Yaliyobaki ni kumi na mawili.
Nimeazima kuku kwa jirani, anayalalia.
Huyo hakatiki."

Kisha kimya, na kwa mbali jogoo, na sufuria.
"Hiyo skrini yenu," akauliza,
si kwa lawama, kama mtu anayeulizia bei ya sukari,
"ina rangi ya hili?"

Niliitazama.
Kijani, kijani, kijani mpaka Muhoroni.

Saa moja kasoro dakika tano nilifungua daftari la zamu,
lile la karatasi, ambalo hakuna tena anayelisoma.
Nikaandika: Laini ya Rabuor, salama.
Nikafunika kalamu.
Nikaifunua.
Mayai kumi na mawili, nikaongeza. Siku ya tisa.