Omu Nane

Ampi ya marehemu Athumani Pazi ilihamia kwangu
kwa kuburutwa, chumba cha tatu mpaka cha nne,
hatua kumi na moja za korido.
Bi Zamoyoni alisema: "Ichukue.
Ikibaki humu itanitazama."

Wati thelathini. Valvu nene mbili, nyembamba mbili,
zikipata moto zina rangi ya kaa
linaloanza kuvaa majivu.
Haiimbi ukiibembeleza.
Utamu wake uko juu, kwenye saba, nane kasoro,
inapokwaruza kama koo la mtu
aliyetaka kulia akajikuta anacheka.

Na saba, kwa Mburahati hii,
ni bati la jirani kutetemeka,
ni mtoto wa Mama Chausiku kuamka,
ni ukuta mmoja wa tofali la nchi tano,
na nyuma ya ukuta, mwanamke wa nguo nyeupe
aliye siku ya ishirini na sita ya eda.

Fundi Luambano wa Gerezani
alinichorea nyuma ya risiti ya luku.
"Hii rezista inakaa njiani.
Hii inakaa sambamba na spika.
Mbili sambamba na nane, moja nukta sita.
Ongeza sita nukta nne. Unapata?"
Nane.
"Basi. Ampi haitajua kama imedanganywa."
Kisha akanishika mkono, hakuuachia:
"Usije ukaiwasha bila mzigo.
Ampi ya valvu ikikosa pa kupeleka nguvu
inajikaanga yenyewe, ndani kwa ndani,
na nje huoni kitu."

Sita nukta nne haikuwepo Kariakoo nzima.
Nikauziwa sita nukta nane, wati mia,
ganda lake la rangi ya dhahabu lina mikwaruzo,
imeng'olewa kwenye mashine gani, muuzaji hajui,
anachojua ni kwamba ni ya Ujerumani.
Ile ya omu mbili akanitupia kama nyongeza,
kama nyanya moja juu ya fungu.

Nikachukua sufuria lililokuwa linavuja,
nikalikata ubavu, nikabakiza kitako.
Drili ya kuazima, skrubu nne,
mafuta mazito ya kupitisha joto yakanipaka mpaka nyusi.
Lehemu ikatiririka, ikang'aa, ikapoa.
Mita ikasoma nane nukta nne.
Nukta nne hizo nikamwachia Mungu.

Baada ya isha, nikafunga mlango.
Ampi kwenye sufuria, sufuria kwenye spika.
Saba.
Nikapiga waya mmoja tu, wa chini.

Ikaja. Ule mkwaruzo wake wote,
lakini umekaa mbali,
kama ngoma ya harusi ya mtaa wa nne
upepo ukiwa upande wako.
Mtoto wa Mama Chausiku hakushtuka.
Bati halikusema.

Nikapiga, nikapiga, mpaka chumba kikaanza kunukia
nisijue nini,
nikadhani nimeunguza waya.
Ulikuwa ukoko.
Wali wa miaka, uliozama kwenye alumini,
ulikuwa unaamka.
Nikagusa kitako cha sufuria, nikaondoa kidole haraka:
kumbe sauti iko hapa,
yote ambayo mtaa haukuisikia.

Ukuta ukakohoa.
Nikafunika nyaya kwa kiganja.

"Kijana."

Naam.

"Waya wa tatu umeshuka."

Sikujibu. Nilikuwa natafuta neno la samahani
lenye adabu ya kutosha kupita kwenye tofali.

"Hata yeye ulikuwa unamshuka," akasema.
"Huo huo. Miaka yote. Kaza."

Nikakaza. Nikaupiga, taratibu.
Kimya upande wa pili,
kimya cha mtu aliyeinamisha sikio.

"Umepitiliza. Rudi kidogo."