Kiti cha Mbele

Siku ya tatu tangu Lutoboka.
Viganja vimechubuka, mgongo haunisikii.
Babirye, kiongozi wetu, hupiga kasia peke yake
katika kayaki ya watu wawili;
kiti cha mbele kimebeba sufuria na gunia la makaa.

Usiku, Bubeke, nzi wa ziwa wakiangukia ugali,
nikamuuliza.
"Cha Nakato. Pacha wangu.
Yuko Maskati, anafuta vioo vya ghorofa
kusikonyesha mvua."
Akatoa mdudu kikombeni, akanywa.

Asubuhi akahamisha sufuria bila neno,
akanikalisha pale.
Mahema tuliyakunja na umande wake.

"Usigeuke," alisema nyuma yangu.
"Piga tu. Yeye huchelewa kidogo
mkono wa kushoto."

Nikachelewa kidogo.
Kayaki ikanyooka.