Kidogo, Kisha Ngoja

Jumanne tulimrudisha nyumbani.
Nilimuuliza mara tatu: umekula?
Mara tatu akaapa: hata maji.
Mkewe ndiye aliyechungulia mlangoni, chupa ya chai kwapani:
"Uji ameumaliza. Na hii chai, nimpe sasa?"
Daktari Tshinyama akavua glavu bila neno.

Leo Alhamisi. Tumbo tupu, macho makali.
Nabana kidole chake kwenye kipimo,
kipimo kinakataa kusoma.
Vumbi la Ruashi limejikita ukuchani,
kijani cha jiwe alilochimba miaka kumi na minane.
Naleta sabuni, naleta brashi,
nasugua kama anayeandaa mtoto wa ubatizo,
mpaka tisini na sita inawaka.

Ganzi ya koo kwanza. Anakunja uso, ni chungu.
Kisha sindano, na hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea,
hudhani usingizi humiminwa kama maji ya ndoo.
Mimi humpa kidogo, kisha nangoja.
Nahesabu kifua, siangalii saa.
Kope zikilegea namwita: Baba Numbi!
Akiguna, yatosha. Sitaki zaidi ya mguno.
Asinzie kama mlinzi wa usiku,
sikio moja likiwa kazini.

Bomba linafika njia panda ya pumzi.
Kwenye skrini, kuta za ndani zina madoa meusi,
shimo lile alilotoka
nalo lilimwingia.
Tisini na moja.
Themanini na nane.
"Simama, Daktari."
Anasimama. Kusimama nako ni dawa.
Nainua taya kwa vidole viwili, naongeza oksijeni,
naita jina lake lote, Numbi wa Kalenga,
kama karani siku ya mishahara.
Kwenye trei, dawa ya kumzindua inangoja;
tarehe yake niliisoma alfajiri
kwa tochi, umeme ulikuwa umekatika.
Anavuta. Kifua kinapanda, polepole,
kama mtu mwenye gunia.
Themanini na tisa. Tisini na tatu.
Ile chupa leo sikuivunja.

Saa sita anafumbua macho, anadai chai.
Bado, namwambia, koo lako halijarudi.
Mkewe amekumbatia chupa yake, hataki kunitazama.

Yeye anautazama mkono wake juu ya shuka:
vidole tisa vya kijani,
kimoja safi.
Anakigeuza, anakigeuza tena.
"Na hiki," ananiuliza, "ni cha nani?"