Mwezi Mwandamo Kiooni

Kioo cha kwanza nilikisoma Jumatatu, saa tatu asubuhi:
damu ya Mbodze wa Kakuyuni, miaka minne,
kichwa kizito begani kwa Jumwa, mamake.
Nikatia rangi, nikasuuza, nikadondosha mafuta,
nikainamia lenzi.

Pete.
Pete tele, chembe nyingine zimevishwa mbili,
kama mtaa mzima umeposwa kwa siku moja.

Mwalimu Shekuwe alitwambia chuoni: hiki ni kitu cha bahari.
Bibi wa bibi yake, kabla ya mbu, kabla ya damu,
alimeza mwani mwekundu, ukamshinda kusaga,
akakaa nao, akala jua kwa mkono wake.
Alipopata miili ya kuingia, jua akaliacha.
Kifuko cha mwani bado anacho, ngozi nne,
kama mhamaji anayefunga kibindoni ufunguo
wa mlango uliokwisha kuliwa na mchwa.
Mnyang'anye, atakufa.

Sijakiona kifuko hicho. Lenzi yangu haifiki.
Ila Sabaki inapoitia tope bahari ya Malindi
nami nimetoka zamu, napita ufuoni,
mwani uliotupwa nautazama
kwa jicho la kumshuku ndugu wa mshtakiwa.

Na njia ya nyumba mbili, nani alimfunza?
Wako wasemao alianzia tumboni mwa mdudu,
sisi akatuokota baadaye. Wako wapingao.
Shekuwe alikuna ndevu: "Hakuna shahidi."
Hakuna aliyekaa akapanga, alisema.
Waliopotea njia hawakuzaa, basi.

Jumatatu ya pili Mbodze aliingia mbio,
kiatu kimoja mkononi,
akauliza kama mashine hii ina katuni.

Pete hakuna hata moja.
Lakini pembeni mwa kioo, mwembamba, umepinda,
mwezi mwandamo.
Halafu wa pili.

Hawa hawaumizi. Ni mabwana na mabibi harusi
ambao ndoa yao haifungwi humu,
hufungwa tumboni mwa mbu;
humu wanangoja tu kuchukuliwa,
ndani ya mtoto anayeruka sakafuni kwa mguu mmoja.

Nikajaza fomu ya daktari. Jumwa akaomba kuona,
akafumba jicho moja, akachungulia.
"Amepona, na hawa wangalimo?"
"Wangalimo."
"Sasa wanataka nini?"
"Kuondoka."

Hakuinua kichwa upesi.