Mkasi wa Serikali

Jojia kwenye milima, huko kwao Kaukazi,
Daraja limesimama, imekwisha kila kazi,
Kulivuka ni lawama, marufuku hata mbuzi:
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Waziri wa barabara, mheshimiwa Nugzari,
Kafika kwa msafara, wa magari ya fahari,
Akaita mara, mara: "Mkasi!" Kukawa shwari.
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Katibu kanong'oneza, akipangusa miwani:
"Mkasi tuliagiza, ungali kwenye zabuni,
Sheria yatukataza, kutumia wa jikoni."
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Makvala fundi wa nguo, alisema: "Shika wangu,
Hukata bila kituo, urithi wa mama yangu."
Wakaitisha kikao: "Bibi, huo una fungu?"
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Ukaundiwa kamati, wajumbe kumi na saba,
Zilizokatwa: tiketi, za ndege kwenda Kordoba!
Wakaandika ripoti, imefungwa kwa mahaba:
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Zabuni kashinda nani, ila mpwa wa waziri?
Ana duka mtaani, la mawe ya makaburi,
Bei yake ya mbinguni, na kando ya usafiri.
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Watu huvuka kwa tenga, lililofungwa kambani,
Mkunga, kuku, na unga, wapishana mle ndani,
Na daraja likiringa, lawatazama hewani.
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Temuri kapewa zamu, utepe akaulinda,
Bwana harusi kwa hamu, chini yake kajipinda,
Faini yamlazimu, kosa: kufuata nyonda.
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Wapinzani wakang'aka, runingani wakalia:
"Mkitupa madaraka, mikasi tawagawia!"
Watu lini watavuka? Hilo halikuwajia.
Mkasi haujafika, utepe haujakatwa.

Nargiza, ng'ombe mzee, hasomi hata gazeti,
Alitaka atembee, ng'ambo kuna nyasi, eti,
Akautafuna wee, taratibu, bila hati.
Mkasi haujafika, utepe umeshaliwa.

*

(Inafuata taarifa kwa umma. Haina vina;
wizara haikuvitengea bajeti.)

"Wizara imesikitishwa na kitendo cha ng'ombe jike,
mwenye umri wa miaka kumi na mmoja,
kuzindua daraja la Mto Rioni
bila mwaliko, bila hotuba,
na bila kusimama wakati wa wimbo wa taifa.
Uzinduzi huo ni batili.
Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.
Aliyevuka, arudi."

Makvala akaisoma mpaka kwenye muhuri,
akaikunja, akafutia ndoo.
"Hariri ya serikali imemvuruga tumbo," akasema,
"leo maziwa yametoka kikombe kimoja.
Nimdai nani?"

*

Kurudi nani arudi, na soko lao ni ng'ambo?
Temuri mwenye juhudi, kavuka na yake fimbo,
Ng'ombe kavikwa waridi, kaimbiwa nyingi nyimbo.
Mkasi haujafika, na watu wameshavuka.

Theluji ikaanguka, tarishi kapiga hodi,
Sanduku likafunguka, muhuri, nembo, na kadi,
Nugzari akaushika, katoka jasho baridi:
Mkasi umeshafika, wa mkono wa kushoto!

Sasa limetengwa fungu, utepe mwingine waja,
Tarehe ajua Mungu, wasemaji watataja,
Kwa ng'ombe kesi ni chungu: "Kutenda bila kungoja."
Utepe haujafika, mkasi washika kutu.