Alama Mia Tatu

Alama mia tatu, si zaidi.
Kalunde ameziandika kwenye daftari
kwa wino mwekundu, ule wa kusahihishia wanafunzi,
akapiga mistari miwili chini yake, kwa kuwa ananijua.

Nami nimechutama mbele ya kabati la viatu
lililohamwa na viatu zamani.
Rafu ya juu wapiga mishale, wa mninga,
niliowachonga kwa mabaki ya vitanda vya watu.
Ya kati wenye mikuki, ngao zao rangi ya kucha;
muuza duka aliniuzia chupa akinitazama vidole.
Ya chini, peke yake, anayejijua kuwa ni mzuri,
tembo.

Tembo ni alama mia na arobaini.
Alinila masika mazima:
masikio ya ngozi ya kiatu, pembe za mfupa wa mbuzi.
Kila Jumamosi namnunua.
Kila Jumamosi anafika katikati ya meza,
anapendeza,
na Kalunde anamzingira kwa mikuki ya bei ya mchicha
mpaka anaanguka kama gogo, maana ni gogo.
"Umenunua sura tena, Nsabi.
Jeshi si sebule."

Leo namwacha.
Nimefunga kabati. Nimefungua,
nikamgeuza atazame ukuta, nikafunga tena.

Mishale, vikosi viwili: mia na sitini.
Mikuki: tisini.
Imebaki hamsini, na hamsini inanunua nini?
Nusu ya farasi. Ngoma moja ya kutia watu moyo.
Au wapagazi.

Wapagazi kumi, nguvu ya kupiga: sufuri.
Tuliwaandika kwenye kanuni sisi wenyewe
kisha hatukuwachagua hata siku moja,
sisi, watu wa Tabora,
ambao babu zetu walihesabiwa kwa mizigo.
Ilibidi niwapulize vumbi.
Mmoja alikuwa amevunjika mguu. Nikamtia gundi.

Meza ni mlango uliokataliwa na mteja.
Mto ni utepe wa harusi, msitu ni vijiti na unga wa mbao,
na kisima ni kizibo cha soda:
atakayesimama hapo zamu ya kumi ikiisha, kashinda.

Zamu ya nne mishale yangu imekwisha.
Kalunde alikuwa akiihesabu kwa vidole chini ya meza,
nilimwona.
Akatoka msituni taratibu, mstari umenyooka,
kama mtu anayekwenda kuchukua chenji yake.
Ndipo nikasogeza wapagazi, inchi nne tu, ndio mwendo wao,
nikasema: mzigo mmoja, mishale mitano.
Akavua miwani. Akaifuta.
Akasoma kanuni ambayo mwandiko wake ni wake.
"Haya," akasema. "Piga."

Sitadanganya kwamba niliwafagia.
Dadu ziliniangusha zamu ya sita, na ya saba ndiyo usiniulize.
Mikuki yangu ililala mtoni kifudifudi.
Wapiga mishale walibaki wawili, kisha hadithi.
Zamu ya tisa, kando ya kizibo,
alikuwa amesimama yule wa gundi,
mzigo kichwani, hana hata fimbo,
na mbele yake, inchi saba, wanawake wa mikuki wa Kalunde, kumi na mmoja,
wenye mwendo wa inchi sita.

Umeme ukakatika.

Tukaacha meza ilivyo. Nikafunga karakana kwa kufuli mbili,
sijawahi hata kwa randa zangu.

Alfajiri treni ya Kigoma ikapita nyuma ya ukuta,
misumari ikacheza ndani ya kopo.
Nilipofungua, mpagazi alikuwa chini, chali,
mguu huku, mzigo kule.
Nikampigia simu Kalunde kabla sijapiga mswaki.

Akaja na daftari, kanga begani, hajafungua hata kinywa kwa chai.
Akamtazama mpagazi kwa muda.
Akatazama kizibo.
Nilingoja mstari mwekundu.

Akaandika, chini kabisa ya ukurasa, nikasoma begani kwake:
*Kanuni ya arobaini na mbili. Treni haiui.*

Kisha akanyoosha mkono, bila kunitazama.
"Gundi iko wapi?"