Namba Kumi na Moja

Jumanne nafua.
Mashine ya Barabara ya Abbeydale humeza sarafu ikanyamaza,
naipiga ngumi ya ubavuni, inakumbuka kazi yake.
Soksi zangu na za Rhodri zazunguka humo pamoja
wala haziulizani zimetoka kwa nani.

Nasoma udongo, mwaka wa pili.
Ndiyo, udongo. Watu hucheka, kisha husubiri nicheke.
Nawaambia: hapa Sheffield viwanda vilikufa
lakini risasi bado imo ardhini, na zinki,
na kabichi za wastaafu zainywa taratibu, jani kwa jani.
Hiyo nayo ni siasa.

Siasa yangu nyingine iko juu ya kitanda chetu:
ukungu mweusi, mpana kama trei.
Mwenye nyumba, Bwana Pickersgill, ameandika barua,
anasema tunapumua kupita kiasi.
Wanaume wawili, mwezi wa Januari,
dirisha limekwama kwa rangi ya miaka mingi,
tupumue kiasi gani?
Basi tumegoma, nyumba kumi na nne.
Mimi mweka hazina. Nagonga milango na daftari ndani ya mfuko wa plastiki
maana mvua ya huku haina adabu, huingia kwa pembeni.

Rhodri hapigi kura.
Eti kura ni kulipungia mkono basi lililokwisha pita.
Tunagombana tukimenya viazi.
Namuuliza, haki ya kunishika mkono kwenye tramu
ulipewa na nani, kama si waliopanga foleni?
Anasema, na waliovunja vioo, je?
Sina jibu. Viazi vimeshika chini.

Juni benki hutundika bendera yetu dirishani.
Julai huikunja.
Salio langu halijaona tofauti.

Na mikono yetu ina ratiba yake:
huachana kabla ya baa ya kona, ile yenye wavuta sigara mlangoni,
hukutana tena taa ya tatu.
Hatujawahi kukubaliana hivyo. Mikono imejipangia.

Alhamisi napanda mnara wa kanisa.
Siamini linalosemwa chini kule,
ila kengele nazipenda. Ziko sita, yangu ya nne,
nzito kuliko ng'ombe.
Kuvuta ni rahisi. Kuiachia kamba kwa wakati wake,
hapo ndipo nilipochubuka viganja miezi mitatu.
Bi Doreen, themanini na moja, hutuita kwa namba.
Wiki iliyopita akasema: Nne,
yule kijana mrefu anayekungoja mvuani, mbona hapandi?
Nikasema anaogopa kimo.
Mwambie kuna kiti, akasema,
na hita, ingawa yanuka.

Mama hupiga simu Jumapili, Coventry,
akitoka zamu ya usiku wodini.
Kiswahili kimenisitiri miaka miwili:
yeye amekuja, yeye ana mafua,
leo yeye ndiye aliyepika.
Neno zuri. Halina ndevu wala sketi.
Nimelivaa hadi likachakaa viwikoni
na nikahisi baridi ndani yake.

Jumapili hii hakuwa nyumbani. Yuko dukani, kuna punguzo.
Nasikia vibebeo vya nguo, mtoto wa mtu akililia peremende.
"Huyo mwenzako," akasema,
"yeye anavaa viatu namba ngapi?"

Ningeweza kusema tano.
Ningeweza kusema sijui.

"Kumi na moja."

Mtoto alinyamazishwa. Mashine ya malipo ikalia mara mbili,
na mama yangu, muuguzi, mwanamke asiyekosea hesabu ya vidonge,
alivuta pumzi akaishikilia.

"Basi nachukua hivi vyeusi," akasema.
"Vya kahawia huonyesha uchafu."

Sikujua la kusema. Nikauliza bei.

"Bei si yako."